Tunauogopa uchachu, tunaliamini ghala

Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa kula ugali. Haukuwa ugali uliolala, na mboga yake haikuwa imeoza. Yalikuwa mahindi yaliyoonekana makavu, mengi yamelimwa na familia zilezile zilizoyala, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, yakawekwa ndani yangali na unyevu. Waliougua walihesabiwa 317: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, ini kushindwa kazi. Miaka 12 baadaye ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa walikuwa 68, na takriban 20 kati yao hawakupona. Sumu ilikuwa ileile, aflatoksini, ambayo Watanzania siku hizi tunaifahamu zaidi kwa jina la sumukuvu.

Sasa linganisha na jinsi tunavyozungumza juu ya vijidudu jikoni. Mabango ya usafi, masomo ya shule na nasaha za kliniki vimetufundisha kuwa kijidudu ni adui, na kwamba dalili yake ni harufu. Chakula kikichachuka, tupa. Kikiwa kikavu, cheupe na hakinuki, kula. Matokeo yake mama wa mjini anaona aibu kumpa mtoto togwa mbele ya wageni, lakini hamuulizi muuza unga mahindi yake yalikaushwaje. Hoja yangu ni kwamba tumezipanga hofu zetu kinyume. Tunakiogopa kile ambacho mara nyingi kinatulinda, na kile kinachotuua tunakipakia kwenye gunia na kukiita akiba.

Tatizo ni kwamba hakimu wetu ni pua. Bakteria na hamira wanaochachusha chakula hujitangaza. Wanatoa asidi, pombe na gesi; pua inanusa, ulimi unakunja, povu linaonekana. Kuvu ya ghalani, Aspergillus flavus, haina adabu hiyo. Sumu yake haina harufu wala ladha, na punje inaweza kuwa nayo bila doa lolote la kijani. Ukungu wenyewe ukishakufa, sumu inabaki. Ukichemsha, inabaki pia, kwa kuwa inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike, na hakuna sufuria ya ugali inayofika huko.

Vijidudu vyenyewe si wageni kwetu. Vitumbua vya Pwani vinaumuka kwa hamira, na zamani kwa tembo la mnazi. Tembo hilohilo likiachwa siku chache bakteria wengine wanalipokea na kuligeuza siki. Hapo hatubishani. Ubishi unaanza kwenye uji wa mtoto.

Togwa ndiyo mfano wangu mkubwa, kwa sababu ndani yake mna kazi mbili zinazofuatana na watu wengi wanaziona kama moja. Mpishi anapika uji mzito wa mahindi, mtama au ulezi, anauacha upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo anatia unga wa kimea. Muda si mrefu uji uliokuwa unasimamisha mwiko unakuwa wa kunyweka. Hiyo bado si kazi ya bakteria. Ni vimeng'enya vilivyozaliwa punje ilipokuwa inaota, vinavyokatakata wanga vipande vifupi visivyoshika maji. Ndiyo maana kimea hakitiwi uji ukiwa unatokota: joto linaviharibu na togwa haitoki. Faida yake kwa lishe ni kubwa kuliko inavyosemwa. Mtoto wa miezi 9 ana tumbo dogo. Uji mwepesi wa kawaida unamjaza maji, na uji mzito hawezi kuumeza. Kimea kinamruhusu anywe unga mwingi ndani ya kikombe kilekile.

Kazi ya pili inaanza hapo. Wanga ukishakuwa sukari, bakteria wa asidi ya laktiki wanapata chakula. Wanatoka kwenye kimea chenyewe, kwenye chombo, na kwenye masalio ya togwa ya jana ambayo wapishi wengi huyaacha makusudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipofuatilia togwa hatua kwa hatua waliwakuta Lactobacillus plantarum, Weissella, Pediococcus na wenzao, pamoja na aina kadhaa za hamira. Ndani ya saa 24 pH, kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya 5 hadi karibu 3.2. Chini ya 4, bakteria wengi wa kuhara, wakiwemo Salmonella, Shigella na aina nyingi za E. koli, hushindwa kuzaliana, na wengi hufa.

Hayo hayakuishia maabara. Katika miaka ya 1990 watafiti walioshirikiana na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliwapa watoto wa chini ya miaka 5 togwa mara moja kwa siku kwa karibu wiki 2, na kuwalinganisha na wenzao waliopewa uji usiochachushwa. Kwa wanywaji wa togwa, idadi ya watoto waliokuwa na bakteria wa maradhi kwenye kinyesi ilipungua waziwazi. Kwa wengine haikupungua hivyo.

Halafu tazama kilichochukua nafasi yake. Uji wa mtoto unapikwa alfajiri, unatiwa kwenye chupa ya chai, anaachiwa dada wa nyumbani ampe mtoto hadi jioni. Asubuhi ni moto na salama. Ikifika saa 8 mchana umekuwa vuguvugu, mtamu, hauna asidi, na kijiko kimeingia na kutoka mara kadhaa. Kwa bakteria hakuna malisho bora kuliko hayo. Mama huyu amefanya kila alichofundishwa, naye anaamini togwa ya bibi ndiyo uchafu. Kama ningekuwa na mamlaka juu ya kipindi kimoja cha kliniki ya watoto, ningekitumia kueleza jambo hili kabla ya kugusa jingine lolote.

Lakini uchachu nao una mipaka, na wapenzi wa vya asili hawapendi kuitaja. Siku hizi wamezuka wanaoiuza asidi ya laktiki kama dawa ya kila kitu, kuanzia kitambi hadi msongo wa mawazo. Naomba turudi chini kidogo.

Maziwa ndiyo yanayowaumbua. Maziwa mabichi yakiachwa yagande yenyewe, asidi huwazuia bakteria wengi wa kuhara, ila si ya kutegemewa dhidi ya brusela, maradhi ya mifugo yanayompata na mtu, wala dhidi ya kifua kikuu cha ng'ombe. Wafugaji wazee watanijibu kwamba wamekunywa hivyo maisha yao yote na wako imara. Wapo. Wapo pia waliokaa miezi na homa za vipindi na maumivu ya viungo, wakimezeshwa dawa za malaria. Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wameandikiwa malaria, wakati malaria yenyewe ilithibitika kwa chini ya asilimia 2. Brusela ilikuwamo katika orodha ya maradhi yaliyowaumwisha kweli.

Dawa yake haitaki kuacha mtindi. Chemsha maziwa, yaache yapoe, kisha tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana. Unawaua wote kwanza, halafu unawaalika unaowataka. Kuna watakaolalamika kwamba ladha si ileile, na kwa kweli si ileile: maziwa ya kibuyu yana jamii nzima ya vijidudu vilivyojenga makao kwenye kuta za kibuyu, na mursik ya Wakalenjin ina pia mkaa wa mti wa senetwet unaosuguliwa ndani. Bado kibuyu kinaweza kupokea maziwa yaliyochemshwa. Na hata hapo tusilale: wachunguzi wa mursik wameikuta na asetaldehidi, zao la hamira zinazokula sukari ya maziwa, kwa kiasi kinachotosha kuwatia shaka wanaofuatilia saratani ya umio katika Bonde la Ufa. Shaka si hukumu, lakini mtu anayekuambia kwamba cha asili hakiwezi kudhuru anakuuzia kitu.

Mihogo inafundisha somo jingine, la muda. Mihogo michungu ina linamarini, ambayo ikikutana na kimeng'enya chake hutoa sumu ya sianidi. Vyote viwili vimo ndani ya mhogo, vimetengwa na kuta za seli. Ukiulowesha mhogo, au ukiuvundika chini ya majani kama wafanyavyo watengenezaji wa udaga Kanda ya Ziwa, vijidudu hulainisha kuta hizo, kimeng'enya kinaifikia linamarini, na sianidi inatoka mapema, ikienda na maji, hewa na jua badala ya kwenda tumboni. Kazi hiyo inataka siku 3 hivi. Haifanyiki kwa saa 24 hata mpishi awe hodari vipi.

Huko Bandundu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa biashara ya mihogo ilishika kasi. Wanunuzi wa malori hawakungoja. Kuloweka kukapunguzwa kutoka siku 3 hadi moja, na vijiji vikaanza kupata konzo: miguu inapooza ghafla, kwa kawaida kwa watoto na kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hairudi. Tarime ilikuwa na mlipuko wake mwaka 1985, wakati wa ukame. Ni kweli kwamba sianidi peke yake haitoshi. Wanaopooza ni wale wanaokula mihogo karibu tupu, bila samaki, nyama wala kunde za kutosha kuupa mwili salfa ya kuisafisha sumu. Hata hivyo kilichobadilika Bandundu hakikuwa mhogo wala mpishi. Ilikuwa saa ya lori. Ujuzi wa kuvundika ulikuwapo, bakteria walikuwapo, na soko likakataa kulipia siku 2.

Nimeieleza Bandundu kwa kirefu kwa sababu ndiyo njia ya kurudi ghalani.

Aspergillus flavus haizaliwi ghalani. Inaishi kwenye udongo wa shamba, inapanda hadi kwenye gunzi lililochoshwa na ukame au kutobolewa na wadudu, na ikiingia ndani na punje zenye unyevu inaendelea kukua. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwenye masoko ya maeneo yaliyokumbwa mwaka 2004, zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi na unga zilivuka hata mikrogramu 20, na baadhi zilivuka 1,000. Kenya ilikuwa imeshaonywa: mwaka 1981, Machakos, wagonjwa 12 kati ya 20 walikufa kwa sumu hiyohiyo. Na vifo ndiyo sehemu inayoonekana. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka kinajenga saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na ini halitangazi mapema.

Hapa ndipo togwa na ghala vinapokutana, na ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani uchachu utatuokoa. Asidi haiifuti aflatoksini. Bakteria fulani wanaonekana maabara wakiishika sehemu ya sumu kwenye kuta zao, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kutumia mahindi mabovu. Togwa ya mahindi yenye sumukuvu ni sumukuvu ya kunywa. Kimea chenyewe ni nafaka iliyoloweshwa na kuachwa siku kadhaa mahali penye joto, kwa hiyo kisipokaushwa juani upesi kinaweza kuota ukungu kabla hakijafika kwenye uji. (Wanaotumia mtama waondoe na vichipukizi, maana navyo vina sianidi. Ulezi hauna usumbufu huo.)

Ushauri wa lishe nao unajikanyaga. Tunahimizwa kula dona badala ya sembe kwa ajili ya vitamini na nyuzinyuzi, na kwa mahindi mazuri huo ni ushauri mzuri. Kwa mahindi mabovu, sehemu kubwa ya sumu iko kwenye pumba na kiini, vilevile ambavyo kukoboa kunaviondoa na dona inavirudisha. Unga wa uji wa lishe, ambao kila mtaa una fundi wake, mara nyingi huchanganya mahindi na karanga, mazao 2 yanayoongoza kwa kushikwa na kuvu hii. Tunampa mtoto wa mwaka mmoja mchanganyiko huo kila asubuhi na kuuita lishe kamili. Simlaumu fundi wa mtaani: karanga zina mafuta na protini ambavyo mtoto anavihitaji. Ila mfuko usio na kipimo chochote hauna haki ya kuandikwa "kamili".

Na mahindi yaliyochambuliwa yakaonekana mabovu yanakwenda wapi? Hayatupwi. Yanakwenda kwa kuku, kwa ng'ombe wa maziwa, na kwenye pombe za kienyeji. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sehemu yake inatokea kwenye maziwa ndani ya siku moja ikiwa imebadilika umbo, na hiyo nayo haiondoki kwa kuchemsha. Mama anayechemsha maziwa na kuyagandisha kwa utaratibu anaipokea bila kujua, baada ya kufanya kila kitu sawa.

Kwa nini basi mahindi yanaingia ndani mabichi? Elimu haitoshi kueleza. Wakulima wengi wanajua kukausha. Wengi wanajua hata kipimo cha chumvi: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, na chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Kinachokosekana ni sababu ya kungoja. Mahindi yanauzwa kwa uzito au kwa ujazo, na maji yana uzito. Anayeanika wiki nzima anapeleka sokoni mzigo mwepesi kuliko wa jirani aliyeuza mapema, na bei ni ileile. Kwa maneno mengine, soko linamtoza faini mkaushaji. Ni lori la Bandundu tena, safari hii limebeba magunia.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kuwa hayavuki kile kiwango cha 10. Wengi walilisoma kama ugomvi wa kibiashara, na sisemi siasa hazikuwamo. Kilichonisikitisha ni upande tuliouangalia. Kila mtu alihesabu malori yaliyokwama mpakani, na mahindi ya namna hiyohiyo yaliyobaki nyumbani kwa walaji wa ndani hayakuombewa cheti na yeyote.

Ajabu ni kwamba silaha inayoahidi zaidi dhidi ya kuvu hii ni kuvu yenyewe. Aflasafe, iliyobuniwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, pamoja na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ni punje za mtama zilizokaangwa na kupakwa aina za Aspergillus flavus za hapahapa zisizoweza kutengeneza sumu. Zinamwagwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 hivi kwa ekari, na kuvu hizo zisizo na sumu zinawahi nafasi kabla ya zile mbaya. Kenya na Tanzania zimeshazisajili za kwao. Ni akili ileile ya kijiko cha mtindi wa jana: usiache chombo wazi, mpe nafasi unayemjua.

Lakini nani anailipia? Mkulima anainunua msimu huu, anaimwaga, anavuna, anaanika, kisha anapeleka mahindi yake kwenye soko la Kibaigwa na kuuza kwa bei ya gunia lisilopimwa. Ningeanza papo hapo. Mashine ndogo ya kupima unyevu ikae kando ya mizani, na bei ya kilo ishuke unyevu unapovuka asilimia 13.5. Sumu ipimwe kwa sampuli za shehena zinazokwenda kwenye viwanda vya unga na shuleni, na matokeo yabandikwe sokoni anapoweza kuyasoma mnunuzi wa debe moja. Gharama itakuwepo, na wanunuzi wakubwa watapiga kelele kwamba inapandisha bei ya unga. Itapanda kidogo. Kwa sasa gharama hiyo inalipwa Chemba, Kondoa na Makueni, na waliokwisha kuilipa hawakuulizwa.